Mstari Mwekundu Si Mwalimu Wangu

Nianze na ugomvi moja kwa moja, maana kurasa hizi ni chache na wenye mashairi ya kuchapwa wamepanga foleni. Ndugu zangu waandishi chipukizi, wengi wetu tumeajiri mhariri asiyejua Kiswahili. Hatumlipi, hatumjui jina, hatujawahi kumwona sura, lakini tunamtii kuliko tunavyomtii mama mzazi. Namsema yule mstari mwekundu wenye mawimbi, unaotambaa chini ya maneno yetu kila tunapoketi mbele ya kompyuta. Andika "mvua", mwekundu. Andika "nyumbani", mwekundu. Andika "nitakupenda", mwekundu. Andika "pole", kimya! Usidhani kakuelewa. Kwake yeye hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya nguzo, kwa hiyo limepita.

Utasema: kaka, puuza tu, mstari wenyewe hauchapwi kwenye karatasi. Nakubali, hauchapwi. Lakini nina mshikaji wangu mmoja, mshairi mzuri kweli, ambaye alikuwa na ubeti wenye neno "nshachoka". Mwekundu. Akabadili, akaandika "nimechoka". Mwekundu vilevile, si mashine inajua Kiingereza tu! Akajaribu "nimekwisha choka". Mwekundu, mara mbili. Mwisho akaandika "I am tired", mstari ukatoweka, roho yake ikatulia, na shairi likabaki na kiraka cha Kiingereza katikati. Siku hizi kila anayelisoma anamsifu kwa kuchanganya lugha kisanii. Sanaa gani? Jamaa kakimbia polisi!

Na si yeye peke yake. Hebu jichunguze. Mara ngapi umefuta neno la bibi yako, neno zuri lenye harufu ya moshi wa kuni, kwa sababu tu lilikaa pale limepigiwa mstari kama kosa la darasa la tatu? Tumelelewa na kalamu nyekundu ya mwalimu. Tukiona wekundu tunajua tumekosea, hatuulizi nani kashika kalamu.

Sasa niseme nani kashika. Hakuna anayeishika. Ni setingi ya kiwandani. Programu ilipofungwa kule ilikotoka, mtu fulani aliamua kwamba asiyesema lugha yake atahesabiwa kuwa anaandika Kiingereza, na mara nyingi Kiingereza cha Marekani. Wewe hukusema. Fundi aliyekuwekea programu naye hakusema, alibonyeza "endelea, endelea, endelea" huku anaongea na simu. Ndo imekuwa hivyo. Wataalamu wa tafsiri wamekiita kitu hiki "chaguo-msingi", na mimi jina hilo linanikera. Msingi wa nani? Nyumba ni yako, msingi kachimba jirani! Ni chaguo tu, la mtu fulani, siku fulani, ofisini kwake, akiwafikiria watu wanaofanana na yeye.

Ushahidi upo. Kwa miaka mingi barua za kuomba kazi katika nchi hii zilikuwa na mwandiko mmoja, Times New Roman, utadhani tumeapishwa. Mwaka 2007 Microsoft wakaamua Word ifunguke na Calibri, steshenari nazo zikahamia Calibri. Kuanzia 2023 wameanza kuileta Aptos, na polepole mtaa mzima unahamia huko. Hakuna karani hata mmoja wa Kariakoo aliyeulizwa. Au chukua karatasi. Marekani wanatumia karatasi ya milimita 216 kwa 279. Sisi na sehemu kubwa ya dunia tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Programu iliyoachwa na setingi za Marekani inakupangia hadithi yako kwa karatasi ambayo hakuna duka la mtaani kwako linaiuza. Unafika kuchapisha, kurasa zimehama, kichwa cha habari kimebaki peke yake chini ya ukurasa kama abiria aliyeachwa na basi.

Tarehe ndiyo balaa zaidi. Sabasaba na Nanenane ziko salama, 7/7 na 8/8 huzisomi vibaya hata ukisimama kichwa chini. Lakini andika 9/12, siku ya Uhuru wa Tanganyika, mbele ya programu iliyopangwa Kimarekani: inasoma Septemba 12. Andika 12/1, Mapinduzi ya Zanzibar, inakupa Desemba mosi. Historia ya nchi imehamishwa na kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa.

Sasa nije kwenye chombo chenyewe, maana sipendi makala za kulalamika zisizo na bisibisi.

Wanaotumia Linux yenye GNOME (yaani ule muonekano wa madirisha, menyu na vitufe unaokuja na Ubuntu na jamaa zake wengi) wana kitu kinaitwa dconf Editor. Zamani kidogo, katika GNOME 2 iliyotoka mwaka 2002, kulikuwa na kaka yake, GConf Editor. GNOME 3 ilipokuja 2011 mfumo wa chini ukabadilishwa na huyu ndiye aliyerithi. Huhitaji kujua kuandika programu. Huandiki amri kwenye ukurasa mweusi. Ni dirisha kama dirisha lingine, unabonyeza kwa mausi. Ila angalia kichekesho: ukiweka Ubuntu mpya, dconf Editor haimo, inabidi uitafute na uiweke mwenyewe. Chombo cha kubadili setingi za kiwandani hakimo kwenye setingi za kiwandani! (Na hiyo Ubuntu yenyewe, yenye jina la Kibantu linalotangaza utu wetu, ukiiweka bila kuchagua lugha inakuongelesha Kiingereza. Lakini tuliache hilo.)

Ukiifungua mara ya kwanza inakupa onyo: baadhi ya mipangilio inaweza kuharibu programu, uwe mwangalifu. Kitufe cha kupita ni kimoja tu, cha kuahidi kwamba utakuwa mwangalifu. Unajisikia kama mtoto anayekabidhiwa kisu cha jikoni. Firefox walikuwa wakali zaidi: katika matoleo ya zamani, ukiandika about:config pale juu panapokaa anwani, walikutisha kwamba unaweza kuipoteza dhamana yako, halafu kitufe kikakutaka uahidi kuwa utaangalia. Dhamana ya programu ya bure! Walikuwa wanatania, lakini najua watu waliorudi nyuma kwa hofu.

Ukishaahidi, unaingia. Ndani ni kama kabati la mafaili: folda ndani ya folda, na mwisho wake funguo, mamia ya funguo. Kila ufunguo una jina, maelezo mafupi ya kazi yake, aina ya kitu unachoruhusiwa kuweka (ndiyo au hapana, namba, maneno), halafu vitu viwili ambavyo mimi vilinifanya niache chai ipoe: thamani ya kiwandani, na thamani ya sasa. Vimekaa jirani. Kuna swichi inayosema tumia ile ya kiwandani. Ukiizima, unaandika yako. Ukitaka kurudi ulikotoka, unaiwasha tena. Basi. Hicho kinachoitwa uchawi ni swichi.

Kwa nini nalishangilia kabati? Kwa sababu pale ndipo utaona kwa macho kwamba kila kitu ulichodhani ni tabia ya mashine kina alama ya mkono wa mtu. Kishale kinapepesa hivi, kuna ufunguo. Mwandiko wa kusomea ni huu, kuna ufunguo. Kile kihariri kidogo cha GNOME kikukague tahajia au kisikukague, kuna ufunguo. Kumbe! Kumbe palikuwa na mlango na mimi naomba ruhusa dirishani!

Hapa nitawagusa wazee wa ushairi kidogo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alipanga vina na mizani, akasema hili ni shairi na hili silo, na akaweka jina lake kwenye jalada. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofunga vina, na ugomvi ukawaka mpaka leo haujazima vizuri. Sitaki kuamua nani alishinda. Nataka uone kwamba ugomvi ule uliwezekana kwa sababu sheria zilikuwa na mwenyewe. Ungeweza kumtaja, ukasema mzee Amri, hapa sikubaliani nawe. Setingi ya kiwandani haina jalada wala jina. Inakutawala vina, inakutawala hadi herufi kubwa, na hujui ukagombane na nani.

Ndiyo, hadi herufi kubwa. Washairi mnisikilize. Programu nyingi za kuandikia zimetumwa kukuza herufi ya kwanza kila unapoanza aya mpya. Unaandika shairi la herufi ndogo tupu, umekusudia, ni unyenyekevu wa yule anayesema ndani ya shairi. Ukibonyeza kitufe cha kushuka mstari na kuanza neno, yeye anakukuzia. Au unakata silabi kwa kibainishi kama walivyofanya malenga wetu tangu zamani, unaandika 'mefika badala ya amefika. Mashine inadhani unafungua mtu kusema, inakipindua kibainishi kitazame upande wa kufungulia. Shairi zima linaonekana kama mazungumzo yaliyofunguliwa na hayakufungwa. Na kile kitenzi kidogo cha kale, "i", kama katika "nyumba i wazi": mbele ya setingi ya Kiingereza kinageuka "I" kubwa, kwa sababu kwa Mwingereza "i" peke yake ni "mimi", na "mimi" wa Kiingereza lazima awe mkubwa. Nyumba mimi wazi! Ukiandika "taz. ukurasa", anakupa "taz. Ukurasa", kwa kuwa "taz." haimo kwenye orodha yake ya vifupisho. Haya yote yana kisanduku cha kuondolea tiki. Yote!

Halafu kuna dakika kumi. Hizi ndizo zinazonikasirisha kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie. LibreOffice na Word, zote mbili, zimepangwa kiwandani kuhifadhi nakala ya uokozi kila baada ya dakika kumi. Nani anaweka dakika kumi? Anaweka mtu ambaye kwake umeme ukikatika ni habari ya gazetini. Njoo uswahilini uandike riwaya kwenye laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikufa kwa mwenyewe wa kwanza, kamba ya umeme ndiyo uhai wako. Umeme ukienda, dakika kumi ni ukurasa mzima. Dakika kumi ni yale mazungumzo ya mama na binti uliyoyasubiri wiki nzima yakaja usiku mmoja. Utayaandika tena, sawa, lakini yale ya kwanza yameondoka na feni. Namba hiyo unaweza kuifanya moja. Katika LibreOffice ni menyu ya Tools, kisha Options, kisha sehemu ya kufungua na kuhifadhi. Sekunde ishirini za kazi. Kila mwandishi wa gazeti hili aliyewahi kunililia kwamba umeme umekula sura yake nilimwuliza kama ameigusa namba hiyo, na wote wakanitazama kana kwamba nimewauliza kama wamewahi kugusa mwezi.

Kundi la kwanza la wapinzani wangu ni mafundi. Hawa dini yao ni "usiguse". Utaharibu, dogo. Kuna chuo kimoja jijini, sikitaji, ambako niliwahi kutumia maabara ya kompyuta. Mashine zilikuwa za Linux, safi kabisa, lakini zimepangwa Kimarekani kila kitu. Nikafungua dconf Editor, nikaenda kwenye ufunguo wa nchi na tarehe, nikakuta umefungwa, haubadiliki. Hilo linawezekana: msimamizi anaweza kuweka setingi za mashine zote kwenye mafaili ya mfumo, halafu akazipiga kufuli ili mtumiaji asiziguse. Ile GConf Editor ya zamani ilikuwa na maneno hayo mawili peupe kwenye menyu yake: weka iwe ya kawaida, au weka iwe ya lazima. Nikamwendea msimamizi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hiyo imewekwa hivyo." Nani kaiweka, mkuu? "Imewekwa tu." Enyi mnaopenda sarufi, itazameni hiyo kauli ya kutendwa. Imewekwa! Ile "w" ndogo imemficha mtendaji, na aliyeshika ufunguo kasimama mbele yangu na shati la mikono mifupi.

Simwonei. Mashine arobaini zinazotumiwa na mamia ya watu haziwezi kuachwa kila mtu azichezee, mwingine atakuja aweke maandishi meupe juu ya meupe halafu aseme kompyuta imekufa. Kufuli zina kazi yake. Lakini ukishika kufuli ya watu, jua umeshika nini, na uwe tayari kuulizwa kwa nini tarehe ya Uhuru inasomeka Septemba.

Kundi la pili ni la heshima zaidi, na nisiwe mwongo, lina hoja. Mwaka 2002 Havoc Pennington, aliyekuwa mhandisi wa Red Hat na mmoja wa watu wa GNOME, aliandika kwamba kila swichi unayoongeza ina gharama. Lazima ijaribiwe, inagongana na nyingine, inamjazia mtumiaji maswali, na mara nyingi ni njia ya watengenezaji kukwepa kuamua. Afadhali programu ifanye kazi vizuri tangu mwanzo. Ndiyo maana GNOME wakaondoa swichi nyingi kwenye madirisha ya kawaida, nyingine zikabaki kule kabatini kwenye funguo. Desemba 2005 Linus Torvalds, mwenye Linux yenyewe, akawashukia hadharani kwamba wanawachukulia watumiaji kama wajinga, akawashauri watu wahamie KDE, ambako swichi zimejaa kama dagaa.

Mimi, mtanishangaa, naona Pennington ana haki kuliko Torvalds kwa sehemu kubwa. Sitaki kuulizwa maswali mia kabla sijaandika "Hapo zamani za kale". Nataka nikae niandike. Tatizo ni lile neno "vizuri". Ifanye kazi vizuri tangu mwanzo, kwa nani? Anayezaliwa ndani ya setingi hazioni, kama samaki asivyoyaona maji. Sisi tunaziona kwa sababu tunagonga kichwa. Kwa Mmarekani mwenye umeme wa uhakika anayeandika Kiingereza, kabati la funguo ni anasa ya watundu. Kwangu ni mlango wa kuingilia nyumbani.

Na hata mlango huo una mpaka wake, nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Nenda kwenye ufunguo wa saa. Unaitwa clock-format, na unakubali mambo mawili tu: saa kumi na mbili, au saa ishirini na nne. Zote mbili zinaanza siku usiku wa manane. Sasa mimi nataka jua likishachomoza mashine yangu iseme saa moja asubuhi, kama mama anavyosema, kama kondakta anavyosema. Hakuna. Siwezi kuandika la tatu, ufunguo unakataa, kwa sababu orodha ya yanayoruhusiwa imeandikwa mahali pengine, kwenye faili linaloitwa skima, na aliyeiandika hakujua kwamba kuna watu wanahesabu saa kuanzia alfajiri. Hapo unabadili thamani lakini hubadili swali. Vilevile siku: lugha yetu inahesabu kuanzia Jumamosi, "mosi" imo ndani ya jina, na zipo nchi kadhaa za Kiarabu ambazo kalenda zake za kompyuta huanza Jumamosi bila taabu. Yetu hapana. Wakati wa programu huria, ambazo matini yake iko wazi kwa yeyote, skima nayo inaweza kuandikwa upya. Hiyo ni kazi ya wale washikaji zetu wanaosomea kompyuta na kututambia vijiweni. Nawasubiri.

Sasa turudi kwa mstari mwekundu, maana nimeanza naye na sijamalizana naye. Wapo wanaoniambia: kaka, mimi nimeshamzima kabisa, sioni wekundu siku hizi. Hongera, lakini umemfukuza mhariri na hujaajiri mwingine. Sasa unaleta hapa gazetini "ngo'mbe" na "kupedna" na tunakesha tunakusafishia. Dawa si kumzima, dawa ni kumfundisha lugha. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagulia tahajia, tena ya bure. Aliyeitengeneza ni Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, Kenya, na faili lake limepewa alama ya TZ. Mkenya kafanya kazi, Tanzania tumepata jina, na bado hatuitumii! Nenda Options, sehemu ya lugha, chagua Kiswahili kuwa lugha ya nyaraka zako. Hapo chini kuna kisanduku kinachosema kwa waraka huu tu. Kikiwa na tiki, kesho utarudi utumwani. Kiondoe. Na ukitaka kushuka zaidi, kwenye sehemu ya mambo ya juu kuna kitufe cha mipangilio ya wataalamu, kinafungua kabati la funguo kama lile la dconf.

Hata menyu zenyewe zimewahi kuwa za kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa OpenOffice nzima kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Microsoft nao wakafuata na Windows na Office zenye sura ya Kiswahili. Tulifanya nini? Tulicheka. Tuliyasoma yale maneno mapya kwa sauti, tukagongana mikono, tukarudi kwenye Kiingereza. Hatukusema neno hili baya, wekeni hili. Tulicheka tu, na kazi za watu zikabaki kabatini.

Kamusi hiyo itakunyamazia "mvua" na "nyumbani", lakini usidhani vita imekwisha. Kitenzi chetu ni treni. "Hatutawaandikia" ni behewa juu ya behewa, na kamusi hizi zinafanya kazi kwa orodha ya maneno pamoja na kanuni za vipande vya mbele na nyuma. Treni ikirefuka sana, wekundu unarudi. Tena Kiswahili kinachokaguliwa ni kile cha Kiunguja kilichochaguliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa sanifu. Mmombasa anayeandika "mato" kwa macho na "ndoo" kwa njoo anapigiwa mstari katika mji ulioamua, tena na kamusi ya Mkenya. Hiyo nayo ni setingi ya kiwandani, ila kiwanda ni chetu. Na sisi wa mjini, wenye "kuzingua" na "mchongo", tusahau.

Au tusisahau. Unapobonyeza kulia juu ya neno na kusema liongeze, linaingia kwenye kamusi yako binafsi, na kamusi hiyo si chochote ila faili la maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari. Linafunguka, linasomeka, linanakiliwa kwenye flashi. Sasa kila mmoja wetu ana faili lake chumbani kwake, mimi nina langu, wewe una lako, na wote tumeongeza "daladala" kila mtu kivyake kama wachimba visima mia katika uwanja mmoja. Napendekeza tuyakusanye. Siku ya kikao cha gazeti hili kila mtu aje na flashi, tuyaunganishe mafaili yawe moja, tuligawe bure kwa kila mwandishi anayetaka, na steshenari itakayokubali kuliweka tuitangaze kwenye jalada la nyuma.

Nimeshaanza kulipanga langu kwa alfabeti na nimekwama kwenye herufi N. "Nshafika", "nishafika", "n'shafika". Mhariri wetu anataka ya katikati tu, anasema zile mbili ni matamshi, si maandishi. Mimi nasema ziingie zote tatu, na asiyekubali alete hoja zake kwenye toleo lijalo, na jina lake chini yake.